Kasha Linalovaa Kitambaa

Akikuta mkeka umetandikwa mlangoni, Ngumbao huzunguka nyumba nzima aingilie uani, hata kama mwenye mkeka hayupo. Ndivyo alivyo. Mkewe, Charity, alilijua hilo tangu siku za uchumba, na tangu siku hizo limekuwa likimfurahisha na kumchosha kwa zamu.

Ngumbao ni fundi wa friji na viyoyozi. Kwao ni Marafa, lakini anakaa Gede, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya barabara kuu, na hoteli za Watamu humwita joto linapozidi na maji ya wageni yanapokataa kupoa. Hafungui friji kabla ya kupitisha kiganja nyuma yake, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. "Friji nyingi haziumwi," huwaambia wenye nyumba. "Zimekosa pumzi tu." Kisha huisogeza mbali na ukuta, na mara nyingi kazi huwa imekwisha hapo. Hata akialikwa harusini, akiona friji ya wenyewe imebanwa pembeni, hawezi kumaliza pilau yake kwa raha.

Charity naye huchora ramani za nyumba. Alisomea kazi hiyo Mombasa, akaajiriwa na Injinia Kambi kule Kilifi, akawa anakwenda ofisini mpaka alipojifungua mtoto wao, Sidi. Likizo ya uzazi ilipokwisha injinia alikubali afanyie kazi nyumbani, ila kwa sharti: ramani zifike kwa wakati. Zikichelewachelewa, alisema, itabidi kile kiti cha ofisini apewe mtu mwingine. Hakulisema kwa ubaya. Wateja wake ni watu waliokwisha kumwaga mchanga na kokoto kiwanjani, na wanataka kujenga kabla ya mvua. Charity hakutaka kumwacha Sidi kwa watu, wala hakutaka kuiacha kazi aliyoisotea. Mambo hayo mawili yalikuwa yamening'inia kwenye kompyuta moja.

Kompyuta yenyewe Ngumbao aliiunda kwa mikono yake. Ile ya kukunja waliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa vitufe na hewa ya chumvi, na isitoshe, ilikuwa haiiwezi ile programu ya kuinua nyumba kwenye kioo, inayokuonyesha ukuta na paa na madirisha kana kwamba umesimama uani kwa mwenye nyumba. Akakusanya vipande dukani kwa Odera, muuza kompyuta wa Malindi, akavipanga ndani ya kasha jembamba, lile ambalo watu wengi huliita sipiyu, ingawa sipiyu ni kidude kimoja tu kilichomo ndani. Ilibidi kasha liwe jembamba. Sebuleni mwao mna kochi, kabati la vyombo na meza ambayo ni ya kulia na ya kazi pia, na kati ya kabati na ukuta pamebaki upenyo ambao paka mnene hapiti. Kasha likaingia hapo, likasimama. Juu lilikuwa na matundu mengi madogo, na feni zikitolea joto huko huko juu. Wiki ya kwanza lilifanya kazi bila neno.

Kisha Mama Kasiva akaja na kitambaa.

Mama Kasiva ndiye aliyemzaa Charity. Alifika Malindi kutoka Ukambani akiwa msichana, akafanya kazi katika stoo ya mashuka ya hoteli mpaka akastaafu, na sasa anakaa mtaa wa Maweni na sindano yake ya kroshia. Kwake hakuna kitu kilicho uchi. Kochi, meza, redio, jagi la maji, mtungi wa gesi, vyote vimevaa. Yeye haiti hayo mapambo. Kitu kisichovishwa, husema, bado kiko dukani.

Na vitambaa vya Mama Kasiva, hakuna avijuaye thamani yake kuliko Ngumbao. Alipopeleka posa, mama yule hakumkataa, ila hakumwita kwa jina. Alikuwa "yule fundi", na siku akikasirika, "yule wa Marafa". Alikuwa amemtazamia binti yake wa pekee mtu wa ofisini, na ikiwezekana mtu wa kumsalimia kwa Kikamba. Ndoa ilipofungwa akawa anakuja, anakunywa chai, anaondoka, hajagusa kitu. Ikawa hivyo mpaka Ngumbao aliponunua televisheni. Jumapili hiyo mama alifungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe chenye maua ya manjano, akakilaza juu ya televisheni, akazinyoosha pembe zake moja moja, akasema, "Sasa imefika nyumbani, mwanangu." Ngumbao akatoka nje, akajifanya anakagua tangi la maji. Charity alimwona dirishani akijipangusa macho kwa mkono wa shati.

Basi kilipokuja kitambaa cha kompyuta, cha samawati, kilichokaa sawasawa juu ya yale matundu, Ngumbao angesema nini?

"Ahsante sana, Mama," alisema.

"Hiki ndicho kinachowalisha," akajibu mama mkwe. "Hakistahili kukaa vile."

Kesho yake Charity alipoinua nyumba ya mteja ili alitazame paa, kioo kikawa cheusi. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Ngumbao alitia kiganja juu ya kasha, akakitoa upesi. Wakakiondoa kitambaa, wakangoja kidogo, kompyuta ikafufuka. Wakapatana kwamba kitambaa kitavaliwa Jumapili tu, mama ajapo.

Lakini Mama Kasiva akapita katikati ya wiki, akitoka kumwona mgonjwa, akakikuta kimekunjwa juu ya kabati. Alimpakata mjukuu, akanywa chai, akaenda zake. Haikupita wiki akarudi na kingine. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza na kizito kuliko cha kwanza, kimefumwa kwa uzi maradufu, na pembeni kina malinda yanayoshuka pande zote nne.

"Kile kilikuwa cha haraka haraka," alisema akikitandaza. "Nami niliona, Baba Sidi. Mlikuwa mnanivumilia."

"Kilikuwa kizuri, Mama."

"Wewe una adabu tu. Kizuri ni hiki."

Na kwa kuwa alimwona binti yake anahangaika na mtoto huku anachora, akaanza kuja kila asubuhi kumshika Sidi. Alikaa kwenye kiti kile kile kinachoelekea mlangoni, mtoto mapajani, na chumba cha kulala cha mkwewe hakuwahi hata kukitupia jicho. Msaada wake ulikuwa mkubwa. Ila Charity kila alipolifunua kasha, akienda jikoni na kurudi alikuta limekwisha kuvishwa tena. "Vumbi," mama angesema, bila kuinua macho. Kompyuta ikawa inazimika kila ramani inapofika penye uzito. Injinia Kambi akapiga simu, akasema kwa upole ule ule kwamba ramani ya nyumba ya Mtwapa anaitaka Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba hiyo ikichelewa hatakuwa na la kuwaambia wenzake ofisini.

Jioni hiyo Charity alimkuta mumewe uani akisuuza nepi.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Ni mamangu, hatanila."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia, Mama, kitambaa chako kinaizima kompyuta."

Ngumbao aliikamua nepi mpaka tone la mwisho, akaianika. "Ukishalitoa hilo neno halirudi mdomoni. Atakaa pale kwenye kiti chake, atasema sawa. Na hatafuma tena kitu cha nyumba hii."

"Basi kazi iende."

"Kazi haiendi."

"Kwa vipi, Baba Sidi?"

"Kasha ndilo lenye makosa."

"Kasha ni zima. Umelichagua mwenyewe."

"Nililichagua kama linakwenda kukaa ofisini. Sikulichagulia nyumba hii na watu wake."

"Wewe na mikeka yako," Charity alisema, akaingia ndani kwa hasira. Hasira ile ilikuwa na njia ndefu ya kwenda, maana usiku alipogeuka kitandani ilikuwa bado iko naye.

Jumamosi, siku ambayo Mama Kasiva huenda kusafisha kanisa, walishika njia ya Malindi na mtoto wao. Odera ni Mjaluo aliyekaa Malindi miaka mingi hata Kiswahili chake kimekuwa cha mjini, na duka lake limejaa vioo, nyaya na makasha yaliyopandana hadi darini. Ngumbao alimwamkia, akafungua mfuko, akatoa kile kitambaa cha malinda na kukilaza juu ya kaunta.

Odera alikitazama, akamtazama Charity, akakitazama tena. "Umekuja kununua kasha au kuposa?"

"Nataka kasha jembamba linaloweza kuvaa hiki likaishi."

Odera alicheka mpaka Sidi akaamka. Hata hivyo akaanza kushusha. Kwanza alileta kasha la kioo lenye taa zinazobadilika rangi, ambalo alisema vijana wanaligombania. Ngumbao aliligeuza, akaona linatolea joto juu, akalirudisha kwa heshima. La pili lilikuwa jembamba kama msahafu mkubwa, jeusi, zuri kwelikweli, na Charity akalitamani. Ngumbao akaomba liwashwe. Kisha akatoa mfukoni kipande cha dawa ya mbu, ile ya mduara, akakichoma.

"Wewe, hapa si chumba cha kulala," Odera akasema.

"Nataka kuona linapumulia wapi."

Alikishika kile kipande karibu na kasha, akawa anakipitisha polepole. Moshi ulipanda wima mbele, ukapanda wima nyuma, lakini ulipofika ubavuni ukapinda, ukanyonywa ndani ya matundu kama uzi unaoingia tundu la sindano. Ngumbao akatikisa kichwa. "Hili malinda yatalinyonga."

La tatu lilikuwa la kulala, bapa, bati tupu juu. "Hili je?" Charity akauliza. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa ameanza kulalamika.

"Haliingii kwenye upenyo, litakaa mezani," Ngumbao alisema. "Na likikaa mezani, Mama atalivisha, kisha ataweka maua ya plastiki juu."

"Na chupa ya chai," akasema Charity, na bila kupenda akacheka.

"Ndugu yangu," Odera akaingilia, "mbona wajitesa? Mwambie tu. Mimi mama mkwe wangu nilimwambia, viatu tunaacha mlangoni, basi."

"Anakuja kwako?"

Odera akakuna shingo. "Tangu Pasaka hajaja."

Wote watatu wakacheka. Ngumbao akaketi kwenye kochi la wateja, kochi la zamani ambalo mke wa Odera ameliletea vitambaa vyake ili duka lionekane lina mwenyewe. Mkono wake ukatua juu ya mkono wa kochi, ukawa unapapasa nyuzi pasipo yeye kujua. Charity, aliyekuwa akimnyonyesha Sidi, aliuona mkono ule ukisimama. Akamwona mumewe anainama kuangalia. Kitambaa kilikuwa kimepita juu ya mkono wa kochi na kushuka kulia na kushoto, na mbele, pale penye ubao wa duara, hakikufunika kitu, wala nyuma.

"Odera," alisema pole pole, kama mtu anayeogopa kumtisha ndege. "Unalo kasha la kusimama, jembamba, lenye mbavu nzima? Linavuta mbele, linatolea nyuma."

"Hayo ni ya zamani. Ya maofisi."

"Unalo?"

Odera akaingia stoo, akasikika akihamisha vitu na kuguna, akatoka na kasha la kijivu lenye vumbi na kutu miguuni. Halikuwa na uzuri wowote. Mtu angelipita jaani bila kugeuka. Wakalitia feni na umeme. Ngumbao akalivisha kile kitambaa, akiyakunja malinda ya mbele na ya nyuma ili yabaki ya ubavuni tu, kisha akachoma tena dawa ya mbu. Moshi ukaingia mbele, mwembamba, umenyooka. Wakangoja. Ukatokea nyuma. Odera mwenyewe alizunguka kaunta kwenda kuutazama.

Hapo ndipo hasira ya Charity ilipokwisha, na haikwisha kwa sababu kasha limepatikana. Alimtazama mtu huyu aliyeinama na kipande kinachofuka moshi kati ya vidole, mtu ambaye kusema sentensi moja kungemgharimu dakika tu, na aliyekubali kuzunguka hivi ili sentensi hiyo isimwangukie mama wa mtu. Alikuwa ameidhania hulka hii kuwa ni woga. Sasa aliona ina kazi yake, na kwamba ni kazi ngumu kuliko ya kusema.

"Kasha hili ni dogo," Odera akaonya. "Kipoozea cha sipiyu yako hakitaingia, ni kirefu. Na kadi ya picha itabidi uchukue fupi."

"Tubadilishane."

Wakabadilishana. Siku iliyofuata, baada ya kanisa, Ngumbao alilisugua kasha kutu, akalipaka rangi uani, akalianika, kisha akavihamisha vipande kimoja kimoja, kifupi mahali pa kirefu. Kabla giza halijaingia lilikuwa limesimama kati ya kabati na ukuta, mbele limeelekea sebuleni, na nyuma yake ameliachia nafasi ya kiganja.

Jumatatu Mama Kasiva alipofika, Ngumbao alikuwa mlangoni na mkoba wa vyombo, anakwenda kazini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Sidi." Jicho lake lilikuwa limekwisha kuliona kasha jipya. Akakitwaa kitambaa chake kilichokunjwa mezani, akalivisha. Kitambaa kikamwagika chini kama gauni la kuazima, malinda yakaziba mbele yote. Charity alikaza macho kwenye kioo. Ngumbao hakuondoka.

Mama alirudi nyuma hatua, akainamisha kichwa. "Hapana," akasema. "Hiki kinampwaya. Huyu ana umbo la mkono wa kochi." Akakitoa, akapima kwa shibiri yake, juu na mbavu mbili, midomo ikihesabu. Kisha, akiwa bado amechutama pale, akauliza bila kugeuka:

"Ile nyingine niliizima mimi?"

Sidi alikuwa akigongagonga kijiko sakafuni. Ngumbao akautua mkoba.

"Lile kasha halikuweza kukaa na watu, Mama," Ngumbao alisema.

"Sikukuuliza hilo."

"Lilikuwa linapumulia kichwani."

Mama akalitafakari jambo hilo. "Na huyu?"

"Mbele anavuta, nyuma anatoa."

Akapeleka kiganja nyuma ya kasha, akakiacha hapo. Joto lilimjia vidoleni, jepesi, la kutosha kumwonyesha kwamba kitu kile kinapumua. "Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia, ungefuma tena?"

Mama akakiondoa kiganja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, Charity akadhani analia, kumbe anacheka. "Nisingefuma," alisema. Akamgeukia binti yake, akamwambia maneno machache kwa Kikamba. Charity akainama juu ya meza akitabasamu, na Ngumbao, ambaye Kikamba chake hakivuki salamu, hakuuliza. Aliuchukua mkoba wake akaenda kazini.

Kitambaa kipya kilikwisha Ijumaa asubuhi: kirefu, chembamba, rangi ya samawati, kinashuka kulia na kushoto na kukoma kabla ya sakafu. Mama alikilaza, akanyoosha pembe. Mbele na nyuma hakupagusa. Siku hiyo ndipo ramani ya Mtwapa ilipotakiwa, na ilibaki sehemu nzito, ile ya kuinua nyumba na kuizungusha ili mteja aione kila upande. Charity alisita, akabonyeza. Feni ikapandisha sauti kidogo. Kuta zikasimama, paa likashuka juu yake, madirisha yakafunguka, na nyumba ikaanza kuzunguka taratibu kwenye kioo.

Mama Kasiva, na Sidi begani, akasogea kwa mara ya kwanza mpaka nyuma ya kiti cha bintiye. "Hilo ndilo jiko?"

"Ndilo."

"Mwanamke atasongea ugali wapi hapo? Akigeuka na mwiko si atapasua dirisha?"

"Mteja ndivyo alivyotaka, Mama."

"Mteja ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Sogeza ukuta."

Charity akausogeza. Nyumba nzima ikajipanga upya, chumba hadi chumba, jambo ambalo wiki mbili nyuma lingeiua kompyuta papo hapo. Wakaitazama ikizunguka tena. Kasha liliendelea kunguruma chini ya kitambaa chake, na ramani ikaondoka kabla ya adhana ya mchana.

Alasiri injinia akapiga simu. Alitaka kujua ni nani aliyeshauri ukuta wa jiko usogezwe, kwa sababu mke wa mteja amefurahi na mteja amenyamaza, na Jumatatu anamtumia Charity nyumba mbili, moja ya ghorofa. "Utaziweza ukiwa hapo nyumbani?"

"Nitaziweza," Charity alisema.

Aliposhusha simu, mama yake alikuwa amekwisha kuanza kufuma kitu kingine, cha kijani. Charity akamwuliza ni cha nini.

"Mkoba wa vyombo wa mume wako," alisema Mama Kasiva. "Kila siku anatoka nao uchi."